Mapaja Yangu kwa Wakwe wa Wafula

Leo nimejiaibisha. Na si kwa wakwe zangu hata. Kwa wakwe wa mtu mwingine!

Naandika hii nikiwa nimelala chali nyuma ya pikapu ya Mzee Wanyonyi, tunatoka Kitale kurudi Bungoma. Chini yangu kuna magunia tupu. Juu yangu kuna mawingu, yanapita polepole kama ng'ombe zenye hazina mwenyewe. Siwezi kaa. Siwezi inuka. Ni kidole cha kuandika tu ndio bado kinanisikia. (Asante, kidole.)

Wacha nianze mwanzo.

Mnamjua Wafula. Kama humjui, ni yule beshte yangu mrefu, mpole, anaongea kama mtu anaomba msamaha. Tulipashwa tohara msimu mmoja, kwa hivyo ni ndugu yangu kushinda ndugu zangu. Ukimgusa Wafula umenigusa mimi, na mimi nikiguswa naruka. Sasa Wafula amependa msichana wa Kitale, anaitwa Wairimu, baba yake ni mkulima wa mahindi. Leo ndio tulikuwa tunaenda kujitambulisha. Mambo ya mahari bado. Ni kuonekana tu, mzee aamue kama mlango unafunguliwa ama unafungwa.

Shida ni kwamba huyo mzee alishamwambia Wairimu: "Watu wa Bungoma ni kuku na mdomo. Kazi hapana."

Wafula alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Damu ilipanda mpaka kwa masikio.

"Ati kuku na mdomo? Sisi?" (Nilikuwa nakula kuku saa hiyo, lakini hiyo si hoja.)

"Barasa, wachana nayo."

"Siwachani! Jumamosi ataona mwili."

Kazi yangu ilikuwa moja tu, na ilikuwa kubwa. Huyo mzee ana sheria yake: kijana akija kwake, hajisemei. Rafiki yake anasimama mbele ya watu, kwa miguu yake, anasema huyu ni mtu wa aina gani. Asiposimama mtu, mzee anahesabu kijana hana mtu. Basi. Wafula alinichagua mimi. Mimi!

Sasa, mambo ya mazoezi mimi nimejifunza kwa simu. Mwalimu wangu ni vidio. Na kuna moja ilinishika kabisa: ati ukifanya mazoezi, mwili unajitengenezea dawa ya uchungu kutoka ndani, bila kwenda kwa chemisti. Mtu wa mazoezi anaumia kidogo kuliko mtu wa kukaa. Nikasema, hii ndio maneno yangu! (Kulikuwa na sehemu ya pili. Sikuitazama. Bando iliisha, na mimi nilikuwa nishaelewa dunia.)

Kwa hivyo Alhamisi nilijitwika mtungi wa maji mabegani nyuma ya nyumba, nikachuchumaa na kuinuka, nikachuchumaa na kuinuka, mpaka kuku wa mama wakachoka kuniangalia wakaenda zao. Nilikuwa sijawahi fanya hiyo kitu maishani. Nikalala nikijisikia simba. Ijumaa misuli ilikaza kidogo, nikasema ni nguvu inaingia.

Leo asubuhi nimeamka na miguu ya mtu mwingine.

Nikaenda choo. Wale mnajua choo ya shimo, mnajua hakuna mahali pa kukaa. Nilishuka nusu. Nusu ingine ikakataa. Nikashika mlango, nikaning'inia hapo kama koti.

"Barasa!" mama akaita kutoka nje. "Unaimba ama unalia?"

"Naomba, mama!"

"Omba haraka, pikapu imefika."

Njiani Mzee Wanyonyi, mjomba wa Wafula, alitupea maagizo. Yeye ni mtu wa mila kabisa. "Mama ya msichana ni mama mkwe. Wafula usimguse, hata mkono. Na wewe Barasa pia. Nyinyi ni rika, mkwe wake ni mkwe wako."

"Na akitaka kunisalimia?" nikauliza.

"Inama. Kimbia. Kufa. Lakini usiguswe."

Nikaitikia. Nje ukungu ulikuwa umelala kwa mashamba, Mlima Elgon unaonekana, unapotea, unaonekana tena, kama haujaamua kuamka. Nilikuwa naona mambo yote yanaelea. Nikajua ni siku nzuri. (Ilikuwa ni njaa.)

Tukafika. Boma kubwa, na uwanja mzima mahindi imeanikwa juu ya turubai, nyeupe, kama mtu amemwaga meno ya dunia yote. Na wingu jeusi linashuka kutoka mlimani. Watu wanakimbia kujaza magunia kabla mvua. Baba Wairimu mwenyewe, na kofia yake, akatuona.

"Karibuni wageni. Ingieni ndani mkae. Hii ni kazi, si yenu. Kuku wanawangoja."

Kuku tena!

Nikatoa koti. "Baba, kuku watangoja!"

Wafula akaninong'onezea, "Inua moja tu, ya heshima, alafu tuingie."

Sikumsikia. Nikabeba gunia ya kwanza, na nikamwona nyanya yangu, yule alikufa zamani, amesimama kwa mlango wa stoo akitingisha kichwa. Mapaja yalipiga kelele. Gunia ya pili, nyanya akaenda. Ya tatu, kelele ikapungua. Alafu, watu wangu, nikaingia mahali sijui jina yake.

Uchungu haukuisha. Ulihama tu. Ulikuwa kama redio ya jirani: unasikia inaongea, lakini haikuongeleshi wewe. Nilikuwa natembea juu ya mahindi na mahindi haikuwa chini. Makapi yalikuwa yanapeperuka polepole, yanang'aa, na nikawa napumua ile harufu ya vumbi na mvua yenye bado iko mbali, na gunia mgongoni ilikuwa ni kama mtoto amelala. Nilijisikia nikiimba. Nilipenda kila mtu. Nilimpenda hata Baba Wairimu. Mlima ulikuwa umekuja karibu kabisa, ukanisimamia pale kwa ua ukiniangalia, na mimi nikaupungia mkono.

"Barasa, pumzika," Wafula akasema. Yeye alikuwa anabeba moja, anapumua, anabeba ingine.

"Kupumzika ni ya nini? Mwili umejipea dawa! Naweza beba na wewe pia!"

Nikawahubiria wafanyikazi wote hiyo sayansi. Mmoja akaniuliza kama nimekunywa kitu. Nikacheka. Kila kitu kilikuwa kinachekesha.

Gunia ya mwisho iliingia stoo na tone la kwanza. Baba Wairimu akaniangalia muda mrefu. Alitingisha kichwa kidogo, kama mtu ameona ng'ombe yake kavu imetoa maziwa. Nikasema moyoni, Wafula, umeoa.

Tukaingia ndani. Mnajua zile kochi za kumeza watu? Zenye vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono? Nikakaa moja hiyo. Nikashuka. Nikaendelea kushuka. Mvua ikaanza kupiga mabati, ile mvua ya Kitale yenye haina haraka, chai ikaja, mukimo ya viazi na mahindi ya kupondwa ikaja, na kuku wakaja (nilikula, sitaki maswali), na macho yangu yakawa mazito, na sauti za wazee zikawa mbali, kama zinatoka chini ya maji. Nilikuwa nimefika mbinguni na kitambaa kwa shingo.

Hapo ndio dawa iliisha.

Haikunipea notisi. Redio ya jirani iliingia kwangu, ikakaa kwa mapaja, ikafungulia sauti yote.

Na saa hiyo hiyo Baba Wairimu akakohoa. "Sasa. Nani anamsemea huyu kijana?"

Watu wote wakaniangalia. Nikaiambia miguu, twende. Miguu ikaniambia, na nani?

Nikajaribu tena. Hakuna. Wafula alinitazama na ule uso wake wa kuomba msamaha, jasho imeanza kutoka. Wairimu amesimama kwa mlango wa jikoni na sinia ya vikombe, na vikombe vikaanza kugongana.

"Hana mtu?" mzee akauliza.

"Niko, baba!"

"Basi simama."

"Nakuja!"

"Unatoka wapi?"

Mtu akacheka nyuma huko. Nikasukuma kochi kwa mikono yote, nikapanda kidogo, nikarudi chini na kitambaa kikanifunika uso. Mzee akaweka kikombe mezani. Hiyo sauti ya kikombe sitaisahau.

Ndio Mama Wairimu akasimama. Mama mkubwa, mwenye moyo, mikono ya jembe. "Uui, kijana ameshikwa na misuli. Lete mkono nikuvute."

Akaja na mikono miwili. Mzee Wanyonyi akakohoa kama trakta. Inama, kimbia, kufa! Kuinama siwezi. Kukimbia siwezi. Nikapiga nduru: "MAMA USINIGUSE!"

Nyumba ikanyamaza. Hata mvua naona ilipunguza.

"Ati nini?" Baba Wairimu akasema polepole. "Bibi yangu ako na ugonjwa?"

Mzee Wanyonyi akasimama (yeye anaweza) akaeleza mila yetu, ati ni heshima, ati mkwe haguswi. Baba Wairimu alisikiza, lakini uso ulikuwa umefungwa. "Kwangu," akasema, "watu husalimiana." Mama Wairimu akatoka nje. Nikasikia mlango wa nyuma.

Nikajua nimemmaliza Wafula. Nilikuja kumsimamia, nimemkalia. Machozi yakakaribia, wacha niseme ukweli. Ningeweza kukata hiyo miguu nimpee mtu.

Alafu nikasikia kwenye veranda: nywii, nywii, nywii.

Mama Wairimu akaingia akisukuma wilbaro. Imelowa. Ndani kuna magunzi bado. Akaileta katikati ya sebule, juu ya zulia, mbele ya wazee wote.

"Simgusi," akasema. "Mimi nagusa wilbaro yangu. Nyinyi mtieni hapo."

Wafula na Mzee Wanyonyi wakanibingirisha kutoka kwa kochi. Nikaanguka ndani na magunzi na kitambaa. Mama akanisukuma mpaka miguuni pa bwana yake, akashika mikono ya wilbaro, akainua juu, juu, juu, mpaka nikawa wima kama maiti inaenda kupigwa picha. Miguu chini, mgongo kwa bati.

"Haya. Amesimama," akasema kutoka nyuma yangu. "Ongea."

Nikaongea, bana. Nilikuwa nimetayarisha maneno makubwa, yote yamepotea.

"Baba, huyu ni Wafula. Mama yangu alipougua, alikuwa anakuja kukamua ng'ombe yetu kabla hakujakucha, anaenda, na hajawahi niambia. Ni mama aliniambia. Ukimpea Wairimu, hakuna siku utasikia makelele kwake. Makelele yote ni yangu."

"Maliza," Mama Wairimu akanong'ona, "mikono imechoka."

"Nimemaliza."

Baba Wairimu aliniangalia. Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Alafu akacheka, akacheka mpaka akatoa kofia, akafuta macho nayo.

"Nilisema watu wa Bungoma ni mdomo. Sasa nimeona. Hata miguu ikufe, mdomo unasimama!" Akamgeukia Wafula. "Rafiki yako amebeba kama punda. Na wewe ulikuwa unabeba, unapumzika. Kwa nini?"

Nikaona kifo cha pili.

Wafula akasema, taratibu vile vile, "Nilitaka kesho pia niweze, baba."

Mzee akavaa kofia. "Huyo ndio namtaka. Mtu wa kesho. Wairimu, leta chai ingine."

Vikombe vyote vikaanguka. Wamama wakapiga vigelegele. Na mama mkwe akanishusha, akanisukuma kwa wilbaro kutoka sebuleni mpaka kwa pikapu, mvua imeisha, mlima umetoka msafi kama umeoshwa, kijiji chote kinaangalia. Hakunigusa hata mara moja. Mila imeheshimiwa!

Sasa hapa nyuma ya pikapu nimeomba Wafula bando, nikatazama sehemu ya pili ya ile vidio. Ati uchungu ukinyamaza si kusema misuli imepumzika. Ati usidanganyike. Ati ukitoka kufanya mazoezi mapya, ngoja siku kadhaa kabla ya kazi nzito.

Asante sana, vidio.

Tafadhali msicheke. Si kwa heshima yangu, hiyo nimeiacha kwa zulia ya watu Kitale. Ni vile mkicheka nitacheka na mimi, na tumbo pia lilibeba magunia.