Nilivyomfuta Baba Mkwe kwenye Albamu Yake

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya ukumbi uliojaa, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Nimerudi nyumbani, nimefunga mlango, nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nawaandikia ninyi wa kikundi chetu kabla hamjasimuliwa na wengine, maana wengine wataongeza chumvi. Na kisa hiki chumvi kinayo tayari.

Mnamjua Nsimire, yule anayepiga violini kwenye kwaya ya parokia. Mnajua pia (mmenitania vya kutosha) kwamba nampenda, na kwamba nataka tonton wangu, mjomba wa kijijini Nyantende, aende kwao kunitambulisha. Msichokijua ni kwamba baba yake, Papa Bisimwa, alikuwa hajakubali. Alifundisha muziki maisha yake yote hadi akastaafu, na Jumapili ndiye anayepiga piano kwenye misa. Alimwambia binti yake kwamba hana ubaya na mimi, ila kazi yangu haielewi. Mtu anashinda nyumbani akitunga watu wasiokuwepo: huyo ni mfanyakazi au ni mgonjwa?

Basi akaweka jaribio. Nsimire alikuwa anazindua albamu leo. Huyo écrivain, akasema, aandike neno la kufungulia, alisome mbele ya watu. Nikishamsikia, akaongeza, nitajibu habari ya tonton.

Ndugu zangu, mwandishi akiambiwa aandike ili apewe mke, anafanya nini? Anaahirisha. Fiston, fundi wa sauti, alinitumia nyimbo katikati ya wiki, ile kopi ya kwanza kabla hajaisafisha. Sikuisikiliza. Nilikuwa nangoja msukumo wa roho. Msukumo haukuja, kisha umeme nao ukaondoka, simu ikazima. Umeme umerudi leo alfajiri. Tukio ni leo alasiri.

Nikaruka kitandani. Spika ya simu yangu iliharibiwa na mvua zamani, kwa hiyo nasikiliza kwa écouteurs, vile vya kuchomeka masikioni. Cha kulia kilikufa msimu wa mvua uleule. Nimeshazoea. Habari za redio zinaingia vizuri tu kwa sikio la kushoto, na mimi nilishasahau kwamba muziki una pande mbili.

Nikafumba macho. Nikabonyeza.

Ilikuwa tango ya Argentina. Violini peke yake ilipiga hatua mbili, ikasimama, ikageuka, kama mtu anayecheza na mwenzi asiyeonekana. Ikafuata choro ya Brazili, ikikimbia peke yake kwenye kona za mtaa. Ikaja blues ya mashamba ya pamba ya Amerika, inauliza swali, inangoja, hakuna anayejibu, inauliza tena. Nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu msichana.

Kisha nikajiuliza: piano iko wapi? Maana miezi iliyopita Nsimire aliniambia watarekodi violini na piano, yeye na baba yake. Mtu wa kawaida angepiga simu akauliza. Mimi ni mwandishi. Sikuuliza. Nilitafakari.

Nikapata jibu zuri mno. Baba amejiondoa. Kwa mapenzi na unyenyekevu ameacha binti asimame peke yake. Hata misa iliyopita walitangaza "albamu ya Nsimire" tu. Na hapo nikaona mlango wa ukweni unafunguka: nitamsifu mzee kwa kunyamaza kwake, mbele ya watu wote. Nani mwingine angeliona hilo? (Hakuna. Hakuna kabisa.)

Wimbo ulionimaliza ni danzón ya Kuba. Violini inasema sentensi moja tamu, inanyamaza. Inanyamaza muda mrefu. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Ndani ya kile kimya nikasikia pumzi. Mtu anapumua, taratibu, kama aliyelala kwenye giza. Na chini ya pumzi, kitu kinagonga kidogokidogo, tok, tok-tok, kama kucha kwenye ubao. Nywele zilinisimama. Papa Bisimwa huwa anasema nyimbo za huko ni wajukuu wetu, damu ya watu wetu waliopakiwa melini na minyororo miguuni. Nikaelewa. Nilikuwa nawasikia mababu ndani ya meli.

Nililia, jamani. Kisha nikaandika kurasa juu ya kurasa, kwa Kiswahili cha pwani, na maneno ambayo mimi mwenyewe huyatafuta kwenye kamusi.

Nsimire akapiga simu akitaka nimsomee kwanza. Nikakataa. Nikamwambia tu kwamba nimelia, na kwamba atasikia pamoja na dunia nzima.

"Murhula," akasema, "papa iko na stress sana. Leo usimuchokoze."

"Papa yako nimemupatia mahali yake," nikamjibu.

Ukumbi ni ule wa parokia, kule Ibanda, wenye madirisha yanayotazama ziwa. Ulijaa. Papa Bisimwa alikaa safu ya mbele, suti ya kijivu, mikanda ya suruali mabegani, mikono juu ya magoti. Pembeni yake dada yake, Maman Cibalonza, mama mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Nsimire alikuwa nyuma ya pazia na violini yake.

Jukwaani palikuwa na kipaza sauti, na kando yake kitu kirefu kimefunikwa kitenge. Nikadhani ni meza ya vinywaji. Nikaweka juu yake chupa yangu ya maji. Nikaona Papa Bisimwa ameshtuka kidogo kwenye kiti. Nikafikiri ni hisia.

Nikasoma. Mwanzo ulikwenda vizuri. Nilieleza nyimbo zilivyovuka bahari na kurudi kwetu kwa santuri, babu zetu wakaitambua rumba kama mtu anavyotambua mwendo wa ndugu yake kutoka mbali. Watu walitikisa kichwa kukubali. Papa naye alitikisa. Nikapata nguvu.

"Albamu hii," nikasoma, "ina fidla moja tu, uchi mbele ya Mungu. Kinanda kimeondolewa. Na heri kimeondolewa! Kwa maana kinanda kingeziba anga hili. Tumshukuru baba aliyejua kwamba ukubwa wa baba ni kushuka jukwaani mapema."

Minong'ono ikaanza. Maman Cibalonza, kwa ile sauti yake, akauliza safu nzima: "Huyu anasemea baba wa nani?"

Kwenye pazia nikamwona Nsimire anapunga upinde wa violini, juu chini, juu chini. Nikaelewa: nisome polepole, watu waonje. Nikasoma polepole.

"Na katika danzón," nikaendelea (hapa nilifumba macho, Mungu anisamehe), "fidla inanyamaza, nasi tunaachiwa zawadi kuu kuliko zote katika albamu hii: kimya. Hakuna noti hata moja. Ni pumzi tu za mababu, na kucha zao zinazobisha hodi kwenye mbao za meli."

Nilipofumbua macho, hakuna aliyekuwa akipumua. Hata mababu.

Papa Bisimwa akasimama. Akapanda jukwaani bila haraka. Akachukua chupa yangu ya maji, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyokabidhi mtu kitabu cha nyimbo. Akatoa leso, akafuta alama ya maji iliyobaki juu ya kitenge. Kisha akavuta kitenge.

Piano. Piano ya umeme, nyeusi, inang'aa. Kwa mwezi mzima ndiyo aliyofanyia mazoezi na binti yake (hili nimeambiwa baadaye, na watu wengi, mmoja baada ya mwingine).

Akakaa. Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Merci, écrivain," akasema. "Mbele ya kushuka, muniache nipige kidogo tu."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Watu walicheka hadi viti vikasogea. Maman Cibalonza alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Nsimire akatoka pazia bila kunitazama, akaweka violini begani, wakaanza tango.

Na ndipo nikasikia. Pale violini iliposimama, piano ilimshika kiuno. Pale blues ilipouliza, piano ilijibu, kwa sauti ya mzee anayejua jibu tangu zamani. Hapakuwa na mwenzi asiyeonekana. Mwenzi alikuwepo wimbo mzima, upande wa kulia, kwenye sikio langu lililokufa. Nikamtazama Fiston kwenye meza yake ya sauti. Akaonyesha sikio la kushoto, akaonyesha violini. Akaonyesha sikio la kulia, akaonyesha piano. Kisha akainama kabisa chini ya meza, mabega yakimtetemeka.

Kulikuwa na mlango wa pembeni. Nikaanza kuuelekea kwa ncha za vidole.

"Écrivain, uko naenda wapi?" Ni Papa, kwenye kipaza sauti. "Njo hapa unigeuzie makaratasi. Ukikaa karibu, pengine utasikia."

Nikapanda tena. Nikasimama kando yake. Noti za muziki sizijui. Kwangu ni mchwa waliokwama kwenye waya. Nikamnong'oneza hivyo. Akasema hakuna shida, yeye akitikisa kichwa, mimi nigeuze. Ilikuwa ile danzón.

Sasa nawauliza ninyi: mmewahi kumwona mzee wa Bukavu anapiga muziki wa Kuba bila kutikisa kichwa? Ule wimbo ukimwingia mtu, kichwa si chake tena. Papa alitikisa, nikageuza. Akatikisa, nikageuza. Akatikisa, nikasema moyoni, kumbe kazi hii ni ya mbio, nikageuza. Akanitolea macho na kutikisa kichwa upande huu na upande huu, kwa nguvu. Nikageuza mbili kwa pamoja. Tukawa tumeshaacha Kuba, mbele yetu pamefunguka Brazili, na mimi bado nalamba kidole nikisubiri kichwa.

Papa akafunga kitabu kwa kiwiko. Akaendelea bila karatasi. Nsimire alikuwa amegeuzia watu mgongo, machozi ya kicheko yanamtiririka, na upinde unatetemeka hata danzón ikapata mitetemo ambayo mtunzi hakuiweka.

Kisha violini ikanyamaza. Ni pale. Ni kile kimya changu.

Piano ikaimba. Ilipanda polepole, ikageuka nyuma kutazama, ikapanda tena. Nilikuwa nimesimama karibu sana, na nikasikia Papa anavyopumua, taratibu, kwa pua, kama aliyelala. Nikasikia vidole vyake vinavyogonga vitufe vya plastiki: tok, tok-tok. Hao ndio mababu niliowalilia alfajiri, waliodakwa na kipaza sauti cha violini. Walivaa mikanda ya suruali na kunukia dawa ya kifua. Na huo ulikuwa wimbo mzuri kuliko kimya chochote nilichowahi kukisifu. Nsimire amenieleza baadaye kwamba kipande kile hakikuwemo kwenye danzón. Baba yake alikitunga mwenyewe, mwaka aliomzika mama yao, na leo ndiyo mara ya kwanza kukipiga mbele ya watu.

Watu walisimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, sikujua nifanye nini na mwili wangu.

Baada ya hapo walitoa soda, ndizi na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani. Nikamfuata Papa kwenye meza. Nsimire alikuwa kando yake, amekunja mikono. Nilikuwa nimeandaa msamaha mrefu, wenye mafumbo. Nilipofika mdomo ukatoa ukweli mtupu: écouteur imekufa upande mmoja, papa, sikusikia piano.

Akatafuna sambaza moja. Akanitazama.

"Haukusikia hata kidogo?"

"Hapana, papa."

"Na ukaandika yale yote?"

"Ndiyo, papa."

"Na ulilia, Nsimire ananiambia."

"Nililia, papa."

Akachukua nyingine. Akatafuna hadi ikaisha. Nilisikia koti la kuazima linanibana kwapani.

"Basi ni kazi kweli," akasema. "Mi nilizani munaandika tu bintu munaona. Kumbe munaweza kutoa maneno mu kitu yenye haiko. Ile si ugonjwa. Ile iko métier."

Sikujua kama ni sifa. Nilimtazama Nsimire, naye hakujua. Akamuuliza baba yake, kwa upole, sasa habari ya tonton inakuwaje.

"Tonton akuye siku ya posho," akasema Papa. "Ye ndiye atasema. Ule," akaninyooshea mkia wa sambaza, "akuye, akae, anyamaze. Kimya si alisema ni zawadi kubwa?"

Nikafungua mdomo nimshukuru. Nsimire akanikanyaga mguu. Nikaufunga.

Basi ndiyo hivyo. Jumamosi, hiyo siku ya posho, naenda ukweni, na ruhusa ya kusema sina. Nina ombi moja tu. Wakati nageuza zile kurasa niliona simu nyingi ziko juu. Mwenye video na aicheke chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa, kisha aifute: tonton wangu bado anaamini anakwenda kumwombea mchumba kijana mwenye akili timamu.