Chupa ya Maji ya Ziwa Msisi

Jumanne, 1 Oktoba 1912

Mzungu amefika ziwani na kamba ndefu kuliko malalamiko ya mama mkwe wangu. Anapima tangu asubuhi. Watu wamempa jina papo hapo: Bwana Kamba. Anataka kulaza bomba kutoka Ziwa Msisi hadi stesheni ya Dodoma. Magari ya moshi yana kiu, boma lina kiu. Na sisi? Hakututaja.

Mchana mkutano kwa Mzee Ndahani, mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote hapa. Alisema ziwa sasa hivi ni dimbwi tu, mvua bado miezi miwili, na bomba likianza kunyonya ng'ombe watakufa wamesimama. Yoramu, mwalimu wa misheni, akashauri twende tumweleze Bwana Kamba ukweli, kwa adabu. Ukweli! Kwa adabu! Nilicheka hadi nikapaliwa.

Nikasimama. Nikawaambia mimi, Msafiri bin Yahaya wa Kondoa, nawajua Wadachi nje ndani, nimekuwa karani wa stesheni. (Siku tisa. Hilo nililimeza.) Niachieni mimi! Mzee Ndahani akanitazama kama mtu anayetazama ndama mwenye miguu mitano. Lakini hakukataa.

Duka langu la chumvi, magadi na kaniki liko hatua arobaini kutoka majini. Wafugaji wasipokuja kunywesha, nitamuuzia nani? Fisi?

Alhamisi, 3 Oktoba

Bahati! Bwana Kamba amejaza chupa maji ya ziwa, yapelekwe kwa daktari mjini akayapime kama yanafaa. Akauliza nani anaijua njia ya stesheni. Nikaruka mbele, nikasema "Jawohl!", yaani ndiyo bwana kwa Kidachi, kwa sauti ya sajini. Chupa nikapewa mimi. Mimi!

Maji yakiwa mabaya, bomba halipo. Mtoto mdogo angelijua hilo. Nikapitia nyumbani. Nikayatia magadi, samadi mbichi, na kitu cha mbuzi ambacho sitakiandika hata humu. Nilikoroga mengi, yakabaki. Nikayajaza kwenye chupa nyingine, nikaificha uvunguni mwa kitanda. Kizuri hakitupwi.

Mke wangu Mwantum akauliza hiyo harufu ya nini. Nikamjibu ni harufu ya akili. Akafungua mlango, akatoka nje.

Jumatano, 9 Oktoba

Daktari amejibu. Maji ya Ziwa Msisi ni sumu! Nimeshinda! Nilizunguka duka langu mara tatu nikijipongeza.

Mchana wakaja askari wawili na amri. Kwa kuwa maji ni sumu, ni marufuku mtu au mnyama kuyanywa mpaka boma litakapoamua vingine. Ng'ombe mia tatu wamesimama ukingoni wakiyatazama maji. Askari wanawatazama ng'ombe.

Hilo sikulifikiria.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ng'ombe wanalia tangu alfajiri. Wanawake wameenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa saa tatu kwenda na tatu kurudi, na wamerudi na vibuyu nusu.

Nilimkuta Mzee Ndahani amechuchumaa kando ya jike lililolala chini, amelishika sikio. Nikamwamkia kwa Kigogo, mbukwa. Akaitika kwa upole, kisha akasema, "Ajabu, mwanangu. Babu zangu wameinywa sumu hii mpaka wamezeeka."

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka! Ulimi ukagoma. Badala yake nikapata wazo.

Kesho nitayanywa maji ya ziwa mbele ya Bwana Kamba na watu wote. Nisipokufa, marufuku itaondoka. Ila si ya ziwa hasa, maana ng'ombe wamekuwa wakifanya humo mambo yao. Nimejaza chupa maji safi ya mtungi wa Mwantum. Nitajifanya nachota, kisha nitanyanyua hiyo. Nimeiweka uvunguni, isionekane.

Ijumaa, 11 Oktoba



Walikuja wote. Nilitoa hotuba, tena nzuri. Nikainama majini, nikainua chupa, nikapiga mafunda matatu makubwa kabla ulimi haujanipa habari.

Uvunguni kulikuwa na chupa mbili.

Nilijitahidi kutabasamu. Nilitabasamu kwa hatua nane. Ya tisa nikakimbilia vichakani. Bwana Kamba akaandika jambo refu kwenye kitabu chake. Askari sasa ni wanne.

Swala ya Ijumaa imenipita, kwa sababu isiyoelezeka mbele ya imamu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwantum aliinusa ile chupa tupu. Akaniuliza mara moja tu: "Hii ndiyo akili?" Nikakiri yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akajitanda kanga, akaipeleka chupa kwa Yoramu, na Yoramu akaenda kwenye hema la Bwana Kamba akamweleza ukweli. Kwa adabu!

Nikaitwa. Bwana Kamba akasema viboko ishirini na tano. Hapo akatokea Mzee Ndahani, mtu ambaye jike lake lilikufa jana jioni. Yoramu akamtafsiria.

"Mjinga huyu ni wetu," alisema mzee. "Waliolia ni ng'ombe wangu, si wako. Mpunguzie. Halafu uje nikuonyeshe hilo ziwa."

Vikawa vitano, na ng'ombe wakaruhusiwa kunywa kidogo kwa zamu mpaka boma liiondoe amri. Naandika nimelala kifudifudi. Habari ya jike sikuijua mpaka leo. Sina utani wa kuandika hapo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeshikishwa ufito wa kupimia, nikaingizwa ziwani tangu asubuhi hadi alasiri. Miruba imenifurahia sana. Pale katikati, penye kina kuliko pote, maji yalinifika kiunoni. Na mimi ni mfupi.

Mzee Ndahani alisimama ukingoni na Bwana Kamba. Akamuuliza kupitia kwa Yoramu, "Gari lako moja linakunywa kama ng'ombe wangapi?" Mzungu akapiga hesabu, akajibu kwa sauti ndogo: mia mbili kwa siku, pengine zaidi. Mzee akaninyooshea tu fimbo pale katikati.

Bwana Kamba akaniita kwa sauti, maji yamefika wapi? Nikamwambia kiunoni, Bwana, na hakuna zaidi ya hapa. Akaandika kitabuni mwake. Kwa wiki mbili lilikuwa neno langu la kwanza la kweli kwake, na shahidi wangu ni miruba.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hakuna bomba! Stesheni itachimbiwa visima virefu huko huko mjini. Amri imeondolewa, askari wameondoka. Ng'ombe waliingia majini kwa fujo, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mbuzi amechinjwa kwa heshima ya Yoramu. Mimi nilipewa kwato. Nilishukuru, maana nilistahili hata pungufu ya hapo. Mwantum akaniapisha kwamba sitapanga hila tena maisha yangu yote. Nikaapa, machozi yakinitoka. Mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bwana Kamba amerudi! Sasa anapima barabara, na itapita ng'ambo ya ziwa, mbali kabisa na duka langu. Yoramu amenishauri nikamwone, nimweleze shida yangu wazi. Maskini, kijana mwema, lakini haijui dunia.

Nimekwenda kuangalia tu. Kwa macho. Njia imewekewa alama za vigingi vya mti, vimefungwa vitambaa vyekundu.

Ni vyepesi sana kung'oa. Kimoja nimekijaribu.