Paneli Arobaini na Moja za Mwakirunge

(Hotuba ya Mheshimiwa Maxwell Kiponda, Mratibu Mkuu wa Kuunganisha Jua na Upepo, aliyoitoa Mwakirunge kuusherehekea mradi wake mwenyewe.)

Waheshimiwa mliofika na mliotuma wawakilishi, chifu na manaibu wake, viongozi wa dini zote, kina mama mnaopendeza, stekiholda wa kila ngazi, na wewe bwana uliyeniwekea kiti cha kivulini, itifaki yote imezingatiwa. Hamjambo? (Hatujambo kiasi.)

Nimesimama hapa nikiwa mnyenyekevu kuliko kiongozi yeyote aliyewahi kusimama hapa, kuwaeleza kwa lugha nyepesi kwamba jua na upepo ni nishati zisizo na nidhamu, kwa maana jua hutoa umeme tele adhuhuri wakati hamna haja nao, kisha magharibi mnapowasha taa linaondoka bila ruhusa, na upepo nao huja ukipenda, ndipo gridi inaposhtuka, frikwensi ikayumba, na taa zikazimika kuanzia Mtopanga hadi Bombolulu. (Vicheko.) Msicheke, hili ni suala la kitaalamu. Tumeunda Kamati Ndogo ya Mawingu, ambayo hukutana kila kunapotanda, na utafiti wake umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wananchi wameridhika. (Sauti: "Hao wanne wa ziada ni kina nani?")

Ndiyo maana mwezi wa Januari niliwaagiza mzishushe paneli zenu kutoka juu ya mapaa, mzipakie ndani ya lori langu ili zikaunganishwe na gridi, na mkazitoa zote arobaini na moja kwa uzalendo ulionitoa machozi. (Mwanamke mmoja anasimama.) Mama Dhahabu, keti, maswali ni baadaye.

(Dhahabu, mfugaji wa kuku, haketi: "Shikamoo, Mheshimiwa. Paneli yangu ndiyo ilokuwa yashika zamu stima ikizimika, mashine ya kutotoa vifaranga isipoe. Sasa stima yazimika na hakuna cha kushika. Mayai mia na ishirini yamenifia siku ya kumi na nane, yamebakisha siku tatu tu. Sina kazi nyengine mimi. Paneli yangu i wapi?")

Swali zuri sana, mama, na uzuri wake ndio unaonizuia kulijibu kwa pupa. Vifaranga wako wamehesabiwa katika ripoti chini ya kipengele cha kipindi cha mpito. (Miguno.)

Nimalizie. Jua! (Letu!) Upepo! (Wetu!) Paneli! (Ziko wapi?)

Shukrani za pekee zimwendee mke wangu, Bi Winfred, aliyekubali paa la nyumba yetu libebe paneli zote arobaini na moja hadi hapo mradi utakapoanza kufikiriwa, maana kufikia leo haujaandikiwa hata karatasi moja, na niwahakikishie kwamba huko ziliko zinafanya kazi barabara, friji zetu tatu hazijui kuzima. (Kelele.)

Tulieni, jamani! Namwona Mama Dhahabu anakuja mbele na trei ya mayai. Hiyo ndiyo heshima ya watu wa Pwani, hata aliyepata hasara hamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Mpisheni apite. (Wanampisha upesi.) Asante, mama, asante sana. Lakini mbona hao wa mbele wanaziba pua?