Hana Mke, Imeandikwa

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Korogwe.
Nimekata mkonge tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Jioni nikapeleka posa kwa mama Bernadina, namtaka binti yake Grasiana, muuza uji wa kambini. Hakukataa. Akasema kwanza Ijumaa atakwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hiza, na Grasiana mwenye darasa la saba amsomee daftari la wakazi, ajue mimi ni mtu wa namna gani.
Mle kila mtu yumo: kwao, wageni waliolala kwake, hata kuku wake. Mimi nimo hivi: Yordani wa Kasulu, mke mmoja, watoto wawili. Niliyataja mwenyewe siku niliyofika, kwa uchovu wa safari. Grasiana nimemwambia sijaoa.

Jumanne, 6 Agosti.
Nimemwendea Mzee Hiza. Shikamoo mara mbili. Nikamwambia mambo ya mtu ni siri yake, Serikali inataka nini na mke wangu? Akasema asiye na la kuficha hafungi mlango. Nikamjibu hata asiye na la kuficha hufunga mlango wa choo. Alicheka mpaka akakohoa, lakini hakufuta kitu. Anayechezea daftari la Chama, alisema, kesho yake yuko mahakamani.
Ila nimeona jambo. Mchwa wameanza kulila lile daftari, mwandishi wake amehamia Tanga, na mzee mwenyewe ndiyo kwanza ameanza kisomo cha watu wazima. Herufi anazifuata kwa kidole kama anayetafuta chawa. Nikajitolea kulinakili upya. Mimi nina darasa la nne. Akaniombea dua.

Jumatano, 7 Agosti.
Nimenakili jioni nzima, kibarazani kwake, chai juu. Nilipofika kwangu niliandika: hana mke.
Nilipofika kwa Matayo nikasita. Huyu ni mkata mkonge mwenzangu, kapera, kila asubuhi anakunywa uji wa Grasiana taratibu kama dawa. Nikampa wake watatu. Daftari la zamani tukalichoma. Mchwa hawana adabu, nilimwambia mzee. Akakubali.

Ijumaa, 9 Agosti.
Grasiana amesoma kwa sauti. Yordani, hana mke. Mama Bernadina akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa Matayo mama huyo akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Amemjua tangu anatambaa humu kambini. Akauliza hao wake watatu amewaficha kwapani? Mzee Hiza akamwambia maandishi hayasemi uongo. Jibu la posa nitalipata Jumatatu. Nimewashinda wote.

Jumapili, 11 Agosti.
Katibu wa Chama amekuja. Kila nyumba kumi itoe mwanamume mmoja asiye na mke, akafyeke pori la kijiji kipya cha ujamaa, Mazingara, Handeni, na ahamie huko moja kwa moja. Mzee Hiza akaagiza daftari lisomwe. Kapera ni mmoja tu. Mimi.
Nikamvuta mzee pembeni, nikamnong'oneza kwamba nina mke. Naye akaninong'oneza kwamba basi nimechezea daftari, nichague: lori la Handeni au mahakama. Nikachagua lori. Siri yangu imebaki siri. Hapo nimemshinda hata Katibu.

Jumanne, 13 Agosti.
Tumeondoka. Jibu la posa halikuwa ndiyo. Mama Bernadina alisema hawezi kumwoza mwanawe porini. Sawa, lakini hakusema nimeoa. Grasiana alinipungia mkono. Matayo alikuwa ubavuni mwake na bakuli, akanipungia pia. Maskini, haendi popote, wake watatu wamemfunga.

Alhamisi, 22 Agosti. Mazingara.
Leo tumeandikishwa upya. Wenzangu wote wamejitaja makapera, kama watoto. Mimi nimeshakomaa. Nikasema nina mke na watoto sita, wote wako njiani. Karani akaandika bila kuuliza.
Mchana wakapima mashamba. Kumbe kila kichwa kilichoandikwa kina ekari yake, na lazima iwe imelimwa kabla ya mvua za vuli, la sivyo faini. Wenzangu wamepata moja moja. Mimi nane. Hakuna mwenye shamba kubwa kama langu kijiji kizima, na nimefika juzi tu.
Jembe wamenipa moja. Kesho naanza na ekari ya mke wangu.