Mchuzi wa Awara na Setilaiti ya Ludivine

Jumanne, 7 Aprili. Kourou.
Mjukuu wangu Ludivine kasema roketi ikiruka Ijumaa, Jumapili anahamia Ulaya kuichunga setilaiti itakayobebwa nayo. Nikamuuliza, si alisema itasimama palepale juu yetu? Akasema inaonekana imesimama kwa kuwa inazunguka sambamba na dunia, ila jua na mwezi huivuta, lazima mtu airudishe mahali pake. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyomchunga babu yake, na sikuhama nyumba.
Haidhuru. Hapa kwetu anayekula mchuzi wa awara, tunda letu la rangi ya chungwa, hata aende wapi lazima arudi. Nimeinjika chungu. Atakula.

Jumatano, 8 Aprili
Kagoma. Eti wiki ya kurusha roketi, kikosi chao hakigusi awara. Wakila wao, itarudi roketi. Watu wamesoma mpaka macho yameisha, na bado wanaogopa chungu changu.

Alhamisi, 9 Aprili
Nimeficha mchuzi ndani ya mkate, chini ya kuku wa moshi. Akaufunua, ndani kote rangi ya chungwa. Akasema, Bibi, hii hata kipofu angeiona. Kampa mbwa. Mbwa mwenyewe haendi popote. Hasara tupu.

Ijumaa, 10 Aprili
Haikuruka. Wanasema ni upepo wa juu. Jirani yangu Eudoxie katangaza mtaa mzima kwamba ni chungu changu. Yeye ambaye mchuzi wake ni maji yaliyopita karibu na samaki. Nikamwambia changu kinazuia roketi, chako hakizuii hata njaa.

Jumamosi, 11 Aprili
Imeruka. Madirisha yalitetemeka, mbwa kaingia uvunguni. Nilitokwa na machozi kwa sababu ya moshi. Eudoxie kasema moshi haukufika huku. Nani kamuuliza?

Jumapili, 26 Aprili
Ludivine kapiga simu kutoka Ulaya. Setilaiti imefika mahali pake. Nikamwambia ndiyo basi, wewe hurudi, hukula. Akacheka. Kumbe roketi ilipokwisha kwenda alikula mabakuli mawili, tena nyumbani kwa Eudoxie! Krismasi atakuja.
Nilifurahi mpaka nilipofikiri. Akija, mtaa utasema karudishwa na chungu cha Eudoxie. Haiwezekani. Nimejaza mchuzi wangu kwenye chupa, kesho naupeleka posta. Juu nimemwagia jemu ya mapera. Safari hii hataiona rangi.