Chungu Cheusi cha Enzi ya Chuma

Jumatatu, 8 Julai
Tumefika kwenye kijiji cha makumbusho, mimi na mke wangu Bodil. Kiangazi cha saba! Saa, simu na viatu tumekabidhi getini, tukapewa kanzu za sufu zinazowasha. Kwa siku sita tutaishi kama babu zetu wa miaka elfu mbili iliyopita, na watalii watatutazama. Kitu ambacho hakikuwapo Enzi ya Chuma hakiruhusiwi. Shajara hii imeingia ndani ya gunia la shayiri. Robo kilo ya kahawa pia. Kahawa ni dawa.

Tove, msimamizi wetu, ametangaza kwamba Jumamosi atamteua mkuu wa kijiji wa mwakani. Mkuu hulala nyumba ndefu na hukalia kiti chenye mgongo. Miaka sita nimekikosa. Bodil amesema nikikikosa tena, likizo zote zijazo ni kwa dada yake Uhispania, kwenye bwawa la kuogelea. Sitaki bwawa!

Tove ameonya pia kuhusu chungu cheusi chenye kifuniko. Ni cha chuo kikuu. Mwaka wa tatu sasa kinapikiwa uji wa shayiri tu, ili wataalamu wajue uji huacha nini ndani ya udongo. Nimezingatia.

Mwenzetu Asger, seremala kutoka mji wa Randers, amewasha moto kwa jiwe mara moja tu. Mimi bado. Akaniuliza, "Vipi bwana Villads, unangoja umeme urudi?"

Jumanne, 9 Julai
Swali linalonisumbua tangu shule: kwa nini binadamu aliacha kuzurura, akatulia? Vitabu vinasema nafaka. Mimi nashuku miguu iliuma. Vyovyote vile, mkuu ni mtu anayeleta maendeleo. Nimezungusha uzio wa fito kwenye maharage, nguruwe wasiingie.

Jambo la ajabu. Kabla ya chakula cha mchana watu wanne wameniuliza upande wao ni upi. Jana hakuna aliyekuwa na upande! Kisima, kumbe, kimebaki ndani. Sikukusudia. Asger ameuliza sasa watakunywa nini, maendeleo?

Jumatano, 10 Julai
Uzio umezaa ugomvi. Ugomvi unahitaji sheria. Iko wazi kabisa. Sielewi kwa nini vitabu vya historia ni vinene hivyo.

Nimeitisha mkutano. Watu wazima wanane, akidi imetimia. Nimechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa, maana wengine walikuwa wanakula. Ajenda tisa. Kumbukumbu nimeandika kwa mkaa kwenye gome la mti. Ajenda ya nne, lango la uzio, imekula asubuhi nzima. Uji umeungua. Asger ameuliza kama babu zetu nao walikuwa na "mengineyo". Nimemjibu asubiri ajenda ya tisa. Bodil ameanza kuhesabu kwa Kihispania.

Alhamisi, 11 Julai
Tove ameshinda mjini. Fursa! Nimechemsha kahawa nyuma ya zizi la nguruwe. Kwa sababu ya harufu nilihitaji chungu chenye kifuniko. Kiko kimoja tu. Nilikisuuza kwanza, kwa heshima ya sayansi.

Kifuniko hakikusaidia. Nilipoinua kichwa, watu saba wamesimama na vikombe, kimya kama kanisani. Wa kwanza Asger! Vikombe vitatu! Ameniita "mkuu wetu". Lango limepitishwa kwa kauli moja.

Kumbe kinachounganisha watu si moto, si chuma. Ni kahawa! Sasa babu zetu walivumiliaje mikutano bila hiyo? Labda ndiyo maana walipigana sana.

Ijumaa, 12 Julai
Kahawa imekwisha. Utawala nao. Vichwa saba vinauma. Wameng'oa uzio wote wakaufanya kuni za kupikia supu. Shoka alishika Asger. Nguruwe wamo kwenye maharage. Vitabu vinasema milki kubwa huanguka kwa karne kadhaa. Nimeshuhudia mwenyewe: kutoka kifungua kinywa hadi chakula cha mchana.

Tatizo lingine. Kesho Tove anakagua chungu. Nimekisugua kwa majivu, mchanga, maziwa yaliyoganda. Bado kinanukia kama mkahawa wa stesheni. Nimekizika nyuma ya zizi. Nitasema kabila jirani lilitushambulia.

Jumamosi, 13 Julai
Watalii wamejaa. Tove amesimama kumtaja mkuu. Naapa alikuwa ananitazama mimi! Hapo jike la nguruwe limekatiza umati, pua imekwama ndani ya chungu.

Tove amekichomoa. Amenusa. Amenusa tena. Ameuliza, kwa sauti ndogo sana, hii kahawa ni ya nani. Watu saba wamenyoosha kidole kwangu, Bodil akiwamo. Asger amenyoosha viwili.

Mkuu: Asger. Mimi: nisionekane tena. Miaka mitatu ya uji, amesema Tove, na machozi yakamtoka. Nimemfariji kwamba wataalamu wa miaka elfu mbili ijayo watakifurahia sana chungu hicho. Hakufarijika.

Jumapili, 14 Julai
Nyumbani. Nimejichunguza kwa uaminifu. Makosa ni mawili: uzio ulikuwa mfupi, na kahawa ilikuwa robo.

Bodil amekata tiketi za mwakani. Mtaani kwa dada yake kuna nyumba thelathini na bwawa moja, kila mtu anaogelea anapotaka. Nimepiga simu kuuliza. Hawana mwenyekiti. Bwawa halina uzio!

Ajenda zimefika kumi na nne. Kesho ninunue fito, kamba, na kahawa kilo mbili.