Picha za Barafu Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimeadhirika, tena ukweni. Kaeni vizuri niwaambie mwenyewe, kabla shemeji yangu hajafika hapa Rwezamenyo kuwaambia kwa nyongeza.

Habari ya ndama mnaijua. Tangu nimuoe Zainabu, baba yake anatakiwa kwa mila atupe ndama aliyezaliwa na yule ng'ombe wa mahari. Mzee anapiga chenga tu. Siku moja alitupeleka ziwa Muhazi, nikakataa kupanda mtumbwi (maji yalikuwa mengi, jamani, mimi nimezoea ya kwenye ndoo). Toka siku hiyo wimbo wake ni mmoja: "Mwanamume anayeogopa maji, ng'ombe atamchungaje?"

Basi. Mwezi uliopita dada yake Zainabu, yule aliyeolewa Norwe, akatualika likizo. Akatukatia na tiketi za boti, twende kuona milima ya barafu inayoteremka mpaka baharini. Nikasema moyoni, ndama huyo ni wangu. Kabla ya kupanda nikampa Zainabu kamera.

"Sitaki picha hata moja ambayo mimi simo," nikamwambia. "Baba yako atasema tumezikata kwenye kalenda."

"Kila picha?"

"Kila picha."

Ya botini mtayasikia hivi punde, kama nilivyomsimulia mzee.

Leo asubuhi tumepita studio mjini kuchukua picha. Nikataka kufungua bahasha pale pale. Zainabu akasema tunachelewa, wazee wanangoja. Nikaitia kwenye koti, tukaenda ukweni Gatsata.

Kufika, mzee amewaita na ndugu zake. Ndama amefungwa uani, mweusi, ana nyota nyeupe usoni. Mama mkwe yuko chumba cha ndani, pazia katikati yetu, heshima ya mkwe. Tukanywa maziwa. Mzee akasema, "Haya, mukwe. Tuambie safari."

Nikasimama. (Nani alinituma nisimame?) Nikawaambia mawimbi yalikuwa marefu kuliko nyumba hii. Wazungu wanalia. Mimi niko mbele kabisa ya boti, kifua wazi, nawaambia tulieni, Mungu yupo. Zainabu akanikanyaga mguu. Nikadhani ananipa moyo, nikaongeza kwamba nahodha aliniomba nimshikie usukani.

"Sasa, picha iko?" mzee akauliza.

Nikatoa bahasha kwa mikono miwili. Akaangalia ya kwanza. Akavaa miwani, akaangalia tena.

"Huyu aliyelala kwenye benchi, amefungwa kitenge kichwani, ni nani?"

Nikasogea. Ni mimi. Kitenge ni cha Zainabu. Nimekumbatia ndoo kama mtoto wangu wa kwanza. Nyuma yangu kuna mlima wa barafu, mzuri ajabu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona.

"Na huyu bibi kizee wa kizungu anayekushika paji la uso?"

"Alikuwa anaogopa, Baba. Akanishika mimi."

Picha ya pili, mimi na ndoo. Ya tatu, ndoo na mimi. Mkanda mzima hivyo. Nikamgeukia Zainabu kwa jicho kali.

"Ulisema kila picha uwemo," akajibu taratibu. "Na wewe hukuinuka."

Wazee walijikaza, nawasifu. Mzee akapitisha picha nyuma ya pazia. Kikohozi kidogo. Halafu mama mkwe, ambaye tangu harusi sijawahi kumsikia akipaza sauti, akacheka mpaka kitu cha bati kikaanguka huko ndani. Hapo wote wakaachia. Baba mdogo alitoka nje akajishikilia ukuta. Na mimi nikacheka, ningefanyaje, huku roho inaniuma nikimtazama yule ndama.

Mzee akafuta machozi. "Mukwe, sema kweli. Kabla ya kupanda, ulikuwa unaogopa?"

"Nilikuwa natetemeka, Baba. Zainabu ndiye shahidi."

"Na ukapanda?"

"Nikapanda. Nilichoka kusikia binti yako ameolewa na mwoga."

Akamtazama Zainabu, naye akaitikia kwa kichwa. "Basi mchukueni," mzee akasema. "Lakini kamba ashike Zainabu. Wewe usije ukatapika njiani."

Nikapiga magoti kushukuru. Ikabaki kumpa ndama jina, maana ng'ombe wa ukweni hatoki bila jina, na mama mkwe akalitoa yeye mwenyewe kutoka nyuma ya pazia. Likapita bila kupingwa.

Tumeshuka naye kwa miguu mpaka Nyabugogo, tukapanda naye huku, mke wangu mbele, ndama katikati, mimi nyuma na bahasha yangu. Ndiye huyo mnayemsikia analia uani. Nendeni mkamwone, mpeni na majani. Ila nawaomba kindugu, mtu asiniulize kwa nini anaitwa Ndoo.